Miti Iliyokataa Kutawala

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi. Someni kwanza Waamuzi 8:22 hadi 9:21, polepole, ikiwezekana kwa sauti.



Siku hizi tukitoka ibadani na kusimama chini ya mkungu tukisalimiana, mazungumzo ni yale yale. Unga umepanda, zahanati haina dawa, barabara iliyotengenezwa juzi imekwisha kuchimbika, na viongozi hawana haya tena. Kila mtu ana kisa chake, na visa vyenyewe si vya uongo. Kisha mmoja wetu husema, "Ah, wote ni wale wale," na hapo mazungumzo hufa, kila mtu akashika njia ya kwake. Sisi tunaoandika somo hili tumelisema neno hilo mara nyingi kuliko wengine. Ndiyo maana tumeona tulipeleke mbele ya Maandiko, tuone kama litasimama.

Gideoni alipokwisha kuwashinda Wamidiani, watu walimtaka awe mfalme wao, yeye na mwanawe na mjukuu wake. Akakataa, akawaambia kwamba mwenye kuwatawala ni Bwana. Jibu zuri sana. Lakini msiishie hapo kama tulivyozoea kuishia katika Shule ya Jumapili. Mistari inayofuata yasema kwamba aliyekataa kiti hakukataa dhahabu: aliomba pete za masikio za nyara, akatengeneza naivera, akaiweka mjini kwake Ofra, ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake.

Alipokufa aliacha wana 70, na zaidi ya hao Abimeleki, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Shekemu. Abimeleki akaenda kwa wajomba zake. Tazameni kampeni yake ilivyokuwa. Hakusema atafanya nini kwa maji wala kwa mashamba wala kwa yatima. Alisema mambo mawili tu: kwamba heri kutawaliwa na mmoja kuliko na 70, na kwamba yeye ni mfupa wao na nyama yao. Yaani, mimi ni mtu wenu. Ikatosha. Wakampa vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la Baal-berithi, naye akavitumia kuajiri mabaradhuli wamfuate, akaenda akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Fedha zilizowalipa wahuni wale zilitoka katika nyumba ya ibada. Liwekeni jambo hilo moyoni, tutalirudia.

Mdogo wao, Yothamu, alikuwa amejificha. Akapanda juu ya mlima Gerizimu akapaza sauti, akawatolea watu wa Shekemu mfano wa miti iliyotaka mfalme. Wakamwendea mzeituni, akakataa kuacha mafuta yake. Wakamwendea mtini, akakataa kuacha utamu wake. Mzabibu naye akakataa kuacha divai yake. Mwisho wakamwendea mti wa miiba, naye akakubali mara moja, akawaalika waje wajifiche katika kivuli chake, na wasipotaka moto utatoka kwake uile mierezi ya Lebanoni. Sisi watu wa pwani twajua vizuri kivuli cha mti wa miiba. Hata mbuzi hakai chini yake saa sita.

Wako wafafanuzi wasemao kwamba mfano huu ni wa kuukataa ufalme tu, na kwamba mzeituni na wenzake walifanya vema. Hatuwezi kusema wamekosea kabisa, kwa sababu Yothamu hakuilaumu miti ile kwa neno lolote. Aliwalaumu watu wa Shekemu kwa ubaya walioitendea nyumba ya baba yake. Lakini simulizi yenyewe yatuonyesha lililofuata. Miti mitatu ilikuwa na kazi njema, kazi ya kumheshimu Mungu na kuwafurahisha watu, na kila mmoja alitoa kazi hiyo njema kuwa udhuru wake. Kiti hakikubaki kitupu kwa sababu wao walikataa.

Hapa yatupasa tuungame jambo letu wenyewe.

Februari 1988 wengi wa vijana wetu hawakuwa wamezaliwa. Chama kilikuwa kimoja, KANU, na wagombea waliteuliwa kwa mlolongo: watu walijipanga nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa mchana kweupe. Aliyepata 70 kwa mia au zaidi alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa, bila kurudi kwenye kura ya siri. Sisi tulikuwa walimu vijana, tukaombwa kusaidia kuweka utaratibu katika uwanja wa shule. Mlolongo mmoja ulizunguka uwanja wa mpira ukatoka nje ya lango. Wa pili haukufika goli la upande wa pili. Kisha matokeo yakatangazwa, na mfupi ukawa ndio mrefu. Watu waliguna, wakatazamana, wakatawanyika. Sisi tuliangalia viatu vyetu. Tulikuwa na mshahara, tulikuwa na watoto wachanga, na tulikuwa na kazi njema ya kufundisha ambayo hatukutaka kuiacha. Jioni ile baba yetu, aliyekuwa katekista, alituuliza ni watu wangapi walikuwa katika kila mlolongo. Tukamjibu, "Hatukuhesabu, baba." Tulikuwa tumehesabu mara mbili.

Hatuwezi kusema kwamba hatukuwa na wa kutuongoza. Tangu mwaka 1986 wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Makanisa, NCCK, walikuwa wamekwisha kuupinga mlolongo. Katika kanisa letu la Anglikana Askofu David Gitari alihubiri dhidi yake waziwazi, akifuata kitabu cha Danieli, na mwaka 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Askofu Henry Okullu alinena. Askofu Alexander Muge alinena, akafa katika ajali ya barabarani Agosti 1990 akirudi kutoka Busia. Mlolongo uliachwa mwishoni mwa mwaka huo huo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichofanya chama kuwa kimoja kikafutwa katika Katiba. Wale hawakuwa wanasiasa. Walikuwa mizeituni, wenye mafuta ya kutosha kanisani mwao, na bado walipanda mlimani. Nasi tuliwasikiliza katika redio, sauti tukiwa tumeipunguza.

Basi mtu akitwambia leo kwamba viongozi wa zamani walikuwa na heshima na wa sasa hawana, twamwelewa, na upande mmoja twakubaliana naye. Tulilelewa kumsimamia chifu akipita na kumtaja waziri kwa adabu. Tunaumia tukisikia matusi katika mikutano ya hadhara, na tunaumia zaidi tukiona anayetukana ndiye anayeshangiliwa. Lakini zamani ile tuliyoililia ndiyo ile ya uwanja wa mpira. Heshima yetu nyingine ilikuwa ni woga uliovaa kanzu.

Na sasa woga ule hauna sababu kama ile. Kura ni ya siri, na uchaguzi huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Katika mwaka 2013 watu kama 86 katika kila 100 walioandikishwa walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa kama 65. Walioandikishwa walipita milioni 22, kwa hiyo wasiokwenda walikaribia milioni 8. Jirani zetu wa Mombasa hata nusu hawakufika. Hakuna aliyewafukuza, walikaa baraza ya nyumba wakanywa kahawa. Wasio na kadi ya kura kabisa hatukuwahesabu hapo.

Lakini kura ni siku moja, na miaka mitano ni mirefu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, yataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mmoja wa misingi ya taifa. Kifungu cha 196 chalilazimu bunge la kaunti kufanya kazi yake wazi na kuwashirikisha watu, na kifungu cha 201 chasema hivyo hivyo juu ya fedha za umma. Makadirio ya kaunti hutakiwa kufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kati ya hapo watu huitwa waseme. Tulikwenda mara moja katika baraza la namna hiyo, tukiwa na ghadhabu na kalamu. Viti vilipangwa vingi. Tulikuwa watu 11, na watano kati yao walikuja kwa ajili ya soda. Karatasi zilikuwa nene, na kwa Kiingereza cha mawakili. Tuliona zahanati moja ambayo paa lake lilikuwa limewekewa fedha miaka miwili mfululizo, na mpaka siku ile haina paa. Tukauliza. Ofisa alituambia kwa upole kwamba tutajibiwa kwa barua. Barua haijaja.

Tuliporudi nyumbani tulikuwa tayari kusema tena kwamba wote ni wale wale. Kisha tukakumbuka kwamba tangazo la baraza lile lilibandikwa katika ubao wa kanisa letu majuma mawili, na Jumapili huwa tunajaa hata watu kusimama mlangoni. Ofisa yule aliona watu 11. Kama angeona mia tatu, wakiwamo akina mama wa Muungano na sare zao, je, angejibu vile vile? Hatujui. Lakini twajua kwamba hakuwa na sababu ya kuhangaika.

Katika mwezi wa Juni 2024 vijana walitufundisha jambo, ingawa wengi wa rika letu hawapendi kulikiri. Walipokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha wa mwaka ule, tarehe 25 waliingia mpaka ndani ya Bunge, na sehemu yake ikachomwa moto. Hilo hatukulipenda wala hatulisifu leo. Watu wengi waliuawa katika siku zile, wengine watoto wa makanisa kama haya yetu, na hilo twalililia. Siku ya pili yake Rais alisema hatatia sahihi. Lakini kabla ya barabara kujaa, vijana wale walikuwa wameusoma mswada. Waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, mpaka mama muuza samaki akajua kipi kinamhusu. Sisi walimu wastaafu, wenye miwani na wakati, hatukuwa tumeusoma. Mjukuu wetu ndiye aliyetuonyesha ukurasa.

Sasa turudi kwa zile fedha za hekalu. Kule Shekemu fedha zilitoka nyumba ya ibada zikaenda kwa mtawala. Kwetu zimekuwa zikitoka kwa mtawala zikija nyumba ya ibada, na sisi tumedhani kwamba mwelekeo huo ni salama. Harambee ilipoanza ilikuwa ni jirani kumchangia jirani; shule tulizofundisha zilijengwa hivyo, kwa kuku na mayai na shilingi moja moja. Baadaye ikawa mgeni wa heshima na bahasha yake, na kipaza sauti akapewa yeye. Tarehe 12 Septemba 2021, katika Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kusema, akisema mimbari si yao. Julai 2024 Rais mwenyewe alitangaza kuwakataza maofisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo ndugu zetu Wakatoliki wa Jimbo Kuu la Nairobi wakaagiza fedha alizotoa Rais katika parokia moja zirudishwe.

Mkristo atamwombea mtawala wake, kama Paulo alivyomwagiza Timotheo katika 1 Timotheo 2, hata mtawala asiyempenda. Na sisi twafanya hivyo kila Jumapili. Swali letu ni kama mtu aweza kumwombea Jumapili, kupokea bahasha yake Jumapili hiyo hiyo, na Jumatatu kumwuliza habari za paa la zahanati. Sisi katika miaka yetu yote hatujaona mtu aliyeyaweza yote matatu.

Yothamu alipokwisha kusema alikimbia, akaenda kukaa Beeri kwa kumwogopa ndugu yake. Hatumlaumu. Yeye alisema kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Kila mmoja afikiri kazi njema aliyo nayo, iwe ni ukulima, ualimu, kwaya au ulezi wa wajukuu. Je, imewahi kuwa udhuru wako wa kutokwenda mahali ulipohitajiwa?

Katika kikundi chenu ni wangapi wenye kadi ya kura, na ni wangapi waliopiga kura mara ya mwisho? Semeni kweli, bila kuchekana. Chagueni wawili watakaokwenda baraza la bajeti lijalo, na mwezi utakaofuata wawaeleze wenzao waliyoyasikia.

Swali la mwisho si la mazoezi. Kama mlivyosikia katika matangazo, halmashauri ya parishi imepokea barua ya mheshimiwa mmoja anayetaka kutumalizia ukumbi, mabati na milango yote, akiomba tu siku ya kuja kuukabidhi. Mabati yaliyobaki ni 140, na tulizo nazo ni fedha za mabati 52. Halmashauri itakaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne, na mkutano utakuwa wazi kwa kila mshirika. Vikundi vipeleke majibu yao kwa katibu kabla ya siku hiyo, yakiwa yameandikwa, na majina chini yake.