Barakoa Nje ya Nyumba: Wapi Inafaa, Wapi Haina Kazi?

Katika miaka ya UVIKO-19 hapakuwa na agizo lililomgusa kila mtu usoni kama agizo la kuvaa barakoa. Nchini Rwanda mgonjwa wa kwanza alithibitishwa tarehe 14 Machi 2020. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kila mtu avae barakoa awapo mahali pa umma, na hata ndani ya nyua zinazokaliwa na familia kadhaa. Agizo hilo lilidumu zaidi ya miaka miwili. Tarehe 13 Mei 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba barakoa si lazima tena, ingawa watu walihimizwa kuendelea kuivaa, hasa ndani ya majengo.

Agizo liliondolewa, lakini swali moja lilibaki midomoni mwa watu: je, kuvaa barakoa nje, chini ya anga iliyo wazi, kulikuwa na faida? Swali hili si la ubishi wala la uasi. Linastahili kujibiwa sasa, wakati wa utulivu, kwa sababu maradhi mengine yatakuja, na mtu aliyeelewa sababu ya kanuni huishika hata pale ambapo hapana askari wa kumtazama.

Kwa nini tunaanzia Rwezamenyo

Wasomaji wetu wengi huishi karibu na mipaka, nasi tunachukua mfano wa sekta iliyo katikati ya Kigali. Tunayo sababu. Rwezamenyo ni sekta ya Wilaya ya Nyarugenge, jirani na Nyamirambo, eneo ambalo Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa na ambalo limepokea wafanyabiashara na wageni kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Uganda. Anayevuka Rusumo, Gatuna, Rubavu au Rusizi asubuhi aweza kuwa ameketi na jamaa zake mjini kabla ya jua kuzama. Kwa maradhi ya kuambukiza, basi, mpaka hauishii penye kizuizi cha barabara. Huendelea hadi kwenye ua wa mwisho alikofikia msafiri.

Tena Rwezamenyo hutufundisha maana halisi ya neno «nje». Ni sekta ndogo yenye wakazi wengi. Nyumba hubanana, na mara nyingi familia tatu au nne hutumia ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mama anayepika uani yuko nje, na mtu anayetembea peke yake barabarani alfajiri yuko nje pia. Lakini hawamo katika hatari moja. Agizo la mwaka 2020 lilipozitaja nyua za pamoja, lilitambua jambo hilo.

Jinsi virusi vinavyosafiri hewani

Mtu anapopumua, anapozungumza, anapoimba au kukohoa, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Makubwa huanguka chini upesi, kwa kawaida ndani ya mita moja au mbili. Madogo sana hubaki yakielea, na mahali pasipo na hewa ya kutosha huweza kukaa kwa muda mrefu na kuongezeka.

Yafananishe na moshi wa jiko la mkaa. Liwashe jiko ndani ya chumba kilichofungwa, na baada ya muda mfupi wote waliomo watatokwa na machozi, hata aliye kwenye kona ya mbali. Litoe jiko hilo uani, na upepo utautawanya moshi. Lakini aliyeinama juu ya jiko atautia moshi machoni hata akiwa nje. Kanuni yote ya somo hili imo katika mfano huo: hewa ya wazi hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ila haimkingi mtu aliyesogea karibu mno na chanzo.

Wataalamu waliokusanya matokeo ya tafiti za mwanzo, katika makala iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2020, walikuta kwamba maambukizi yaliyotokea nje yalikuwa chini ya asilimia 10 ya yote yaliyochunguzwa, na kwamba uwezekano wa kuambukizwa ndani ulizidi ule wa nje kwa takriban mara 18. Idadi hiyo ya nje ni ndogo, lakini ipo. Mara nyingi maambukizi ya nje huhusishwa na mikusanyiko, mazungumzo ya ana kwa ana, au watu waliokuwa nje kwa kitambo kisha wakaingia pamoja ndani.

Barakoa yenyewe ina nguvu gani?

Hapa yatupasa kusema kweli pande zote mbili. Nchini Denmark, katika miezi ya Aprili na Mei 2020, watu wapatao 6,000 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilishauriwa kuvaa barakoa kila litokapo nyumbani. Katika kundi hilo walioambukizwa walikuwa asilimia 1.8, na katika kundi la pili asilimia 2.1. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa ya bahati tu. Hata hivyo, utafiti huo ulipima usalama wa mvaaji peke yake. Haukupima ni watu wangapi walionusurika kwa sababu aliye mbele yao alikuwa ameziba mdomo na pua.

Bangladesh ilitoa jibu la upande wa pili. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021 vijiji 600 vyenye zaidi ya watu wazima 300,000 vilihusishwa. Katika baadhi ya vijiji barakoa ziligawiwa bure, watu wakaelezwa faida yake, viongozi wakavaa mbele ya macho ya wote, na waliosahau wakakumbushwa kwa upole. Uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi asilimia 42. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za kitabibu, wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa kipimo cha damu walipungua kwa takriban asilimia 11. Na kwa wazee waliozidi miaka 60 upungufu ulifika asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa matokeo hayakuwa wazi kiasi hicho.

Tunajifunza mambo matatu. Barakoa husaidia, lakini si ngome isiyobomoka. Faida yake kubwa humwangukia mzee na mgonjwa. Na watu huivaa zaidi wanapopewa, wanapoelezwa na wanapoona mfano.

Maswali matatu kabla ya kutoka

Mwananchi hahitaji kuwa daktari ili kupima hatari. Ajiulize: Nitakuwa umbali gani na wenzangu? Nitakaa nao kwa muda gani? Na hewa ya pale inapita au imezuiliwa? Majibu yakiwa «mbali, kidogo, inapita», barakoa haina kazi kubwa. Yakiwa «karibu, muda mrefu, imezuiliwa», barakoa ina kazi hata kama hapana paa. Hayo yalikubaliana na ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2020, kwamba nje barakoa ivaliwe pale watu wasipoweza kuachana kwa mita moja au zaidi.

Tutazame mifano:

Mkulima peke yake shambani, au mtu atembeaye barabara tupu: hatari ni ndogo sana. Barakoa iwe mfukoni, tayari kwa dukani na kwenye basi.

Foleni ya mpakani, hasa chini ya kibanda chenye kuta pande mbili au tatu: watu hukaribiana na husubiri kwa muda mrefu. Hapa barakoa inafaa.

Soko: njia zikiwa nyembamba, muuzaji hukutana na mamia ya watu kwa siku moja na husemezana nao uso kwa uso. Barakoa inamfaa muuzaji kuliko mpita njia.

Ua wa pamoja: jirani akiwa na kikohozi au homa, yeye ndiye wa kwanza kuvaa, na waliobaki wapishane kwa zamu kwenye bomba na jikoni. Penye mzee, uangalifu uzidi.

Msiba na mazishi: huzuni hutukutanisha na kutukumbatisha. Hata makaburini, ambako hewa ni ya wazi, waombolezaji husimama bega kwa bega. Barakoa inafaa.

Mtoto chini ya miaka 5 hakushauriwa kuvaa, wala mtu afanyaye mazoezi mazito. Kwao kinga ilikuwa nafasi na hewa.

Kwa Kinyarwanda barakoa iliitwa agapfukamunwa, yaani kifunika mdomo. Jina ni zuri, lakini limeitaja nusu ya kazi. Pua iliyoachwa wazi hupumua virusi kama kawaida, na barakoa iliyoshushwa kidevuni haimsaidii yeyote.

Kanuni rahisi na gharama yake

Basi kwa nini serikali haikusema tangu mwanzo, «Vaa penye msongamano tu»? Sababu mojawapo yaeleweka. Mwezi wa Aprili 2020 mengi hayakuwa yamejulikana, na chanjo haikuwepo. Kanuni moja inayosema «vaa utokapo» hukumbukwa na wote, haina mjadala wa kila kona, na humkuta mtu amekwisha kuvaa anapoingia dukani ghafla.

Lakini kila kanuni pana ina gharama. Barakoa ni fedha kwa mwenye kipato cha kutwa. Ni joto na ugumu wa kupumua kwa mwenye pumu. Na ipo gharama isiyohesabika kwa faranga, nayo ni imani ya raia kwa askari. Mchuuzi aliyesimamishwa akiwa peke yake barabarani, huku akiona basi lililofungwa madirisha likipita bila kuulizwa, huanza kudhani kwamba kinachotafutwa ni kosa lake, wala si afya yake. Katika kipindi kile watu wengi waliokutwa bila barakoa nchini Rwanda walipelekwa katika viwanja vya michezo, wakaketishwa kwa kuachana na kupewa mafunzo. Uwanja wa wazi ni salama kuliko chumba kilichofungwa. Lakini hesabu ya hatari huanzia ndani ya gari linalowapeleka watu huko.

Jambo hili ni zito zaidi kwa jamii za mipakani. Mipaka ya nchi kavu ya Rwanda ilifungwa kwa wasafiri wa kawaida tangu Machi 2020, malori ya mizigo yakaendelea kupita, na mipaka ikafunguliwa tena tarehe 7 Machi 2022. Penye mpaka rasmi kuna kipimo cha joto, maji ya kunawa na mhudumu wa afya. Njia ya panya haina hata kimoja. Mtu anayeogopa kutozwa au kufokewa kwa sababu ya kitambaa cha uso aweza kuikwepa barabara kuu, akapita porini na homa yake, hadi kwenye ua wa familia nne. Hapo tutakuwa tumeilinda kanuni na kuupoteza uhai uliokusudiwa kulindwa.

Ndiyo maana tunasema: askari aelekeze nguvu yake kwanza penye foleni, soko, basi na mkusanyiko. Aeleze kabla ya kuonya, na aonye kabla ya kuadhibu. Akiwa na barakoa ya akiba, ampe asiye nayo. Na yake mwenyewe ifunike pua. Mwananchi naye aishike kanuni iliyopo hata kama anaiona pana mno, na hoja yake aipeleke kwenye kikao cha mtaa, ambako itasikika na kuandikwa.

Kila maradhi na njia yake

Mwisho, tusichukue dawa ya jana kwa ugonjwa wa leo bila kuuliza. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg. Watu 66 waliugua na 15 wakafariki, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya, kabla mlipuko haujatangazwa kuwa umekwisha tarehe 20 Desemba 2024. Marburg, kama Ebola iliyofika Goma mwezi wa Julai 2019, huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Barakoa barabarani haingekuwa kinga yake; kinga ilikuwa kunawa mikono, kutomgusa mgonjwa bila vifaa na kutoa taarifa mapema.

Kwa hiyo, maradhi mapya yatakapotajwa, swali la kwanza liwe: yanasafiri kwa njia gani? Jibu ndilo litakalotuambia kama tuzibe mdomo na pua, tunawe mikono, au tufanye yote mawili.

Maswali ya kujadiliana katika kikao cha jamii

1. Katika mtaa wako, ni mahali gani pa «nje» ambapo watu hubanana kama wako ndani?
2. Ni nani katika ua wenu anayehitaji kulindwa kwanza, na mtampangiaje nafasi?
3. Ni jambo gani humfanya msafiri mwenye homa aikimbie njia rasmi, na askari na wananchi waweza kuliondoaje kwa pamoja?