Kabla ya Kupatanisha, Okoa Maisha

Mafundisho yetu ya leo yanawahusu hasa wale ambao wanandoa huwakimbilia kwanza: padre, katekista, mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wasimamizi wa ndoa. Hapa Manyatta, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, mama aliyepigwa usiku huenda asianze na polisi. Huanza kwa katekista, kwa kuwa ni jirani na anaaminika. Neno la kwanza atakaloambiwa pale laweza kumwokoa au kumrudisha hatarini.

Mara ngapi neno hilo limekuwa, "Vumilia, mama, ndoa ni msalaba"? Husemwa kwa nia njema ya kulinda sakramenti. Lakini kipigo hakimo katika ahadi walizopeana wanandoa mbele ya altare. Na jambo hili si la nyumba moja mbili. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, wanawake 34 katika kila 100 nchini Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walisema wameumizwa kimwili tangu walipofikia miaka 15. Kiongozi anayesema parokiani kwake hakuna shida hiyo, huenda hajaulizia.

Kanisa lafundisha nini?

Wapo wanaume wanaoshika mstari mmoja wa Waefeso sura ya 5, ule wa wake kuwatii waume, wakaishia hapo. Mstari unaotangulia unawataka wote wawili wanyenyekeane, na unaofuata baadaye unamtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa. Kristo hakulipiga Kanisa. Alikufa kwa ajili yake.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, yasema wazi kwamba mwanandoa anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Kwa kawaida ruhusa hutoka kwa Askofu, lakini kukawia kukiwa na hatari, mtu aweza kuondoka mwenyewe. Kifungo cha ndoa kinabaki. Hayati Papa Fransisko naye, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba kumpiga mwanamke ni woga wala si uanaume, na kwamba pengine kutengana huwa ni wajibu. Basi mama aliyekimbilia kwao hajatenda dhambi. Asinyimwe Komunyo kwa sababu hiyo.

Kiongozi afanye nini?

1. Amsikilize mama peke yake. Desturi ya kuwakalisha wote wawili mbele ya wazee ni nzuri kwa ugomvi wa kawaida. Penye kipigo ina hatari: mama hawezi kusema ukweli akimtazama anayemwogopa, na akisema atalipia nyumbani.

2. Amtafutie usalama, kisha matibabu. Aliyebakwa afike hospitali haraka, kabla ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Polisi watampa fomu ya P3 ijazwe na daktari, na aweza kuomba kuhudumiwa kwenye dawati la jinsia. Simu ya bure ya 1195 inasaidia pia.

3. Asiifiche sheria. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani yamruhusu hakimu kumzuia mkosaji asimkaribie mwenzake, na hata kumtoa katika nyumba wanamoishi. Tusidhani haki ni ya Nairobi tu. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza kesi zao ipasavyo. Wasichana hao walikuwa na watu wa kusimama nao. Mama wa Manyatta naye asimame na nani, kama si Jumuiya yake?

4. Amwendee mume, lakini baadaye, akiwa na wanaume wanaoheshimika. Kuomba radhi leo na kupiga kesho si toba. Padre hawezi kutoa siri ya kitubio, lakini aweza kumwambia mwenye kutubu kwamba toba ya kweli ina nia ya kuacha. Upatanisho uje mama akiwa salama na akiutaka mwenyewe.

5. Afundishe mapema. Katika mafundisho ya ndoa wachumba waulizwe: mkikasirika mtafanyaje? Bonasi ya majani chai ikilipwa, nani atajua ni shilingi ngapi? Siri ya pesa huzaa ugomvi, na mahari haimfanyi mke kuwa mali. Chama cha wanaume kiyazungumze haya, yasiachiwe akina mama peke yao. Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, ni nafasi nzuri ya kuyahubiri.

Na ikiwa anayepiga ni kiongozi mwenyewe? Aondolewe katika uongozi. Hawezi kusoma Neno Jumapili mkono uliompiga mkewe Jumamosi ukishika Biblia.

Wapendwa, amani ya nyumbani haiji kwa mmoja kunyamaza kwa hofu. Tunapomlinda mama, tunailinda ndoa pia.

Ya kujadili katika Jumuiya:

Mama akibisha usiku huu, atalala kwa nani? Nani kati yetu atamsindikiza hospitalini na polisi? Tumewahi kumwambia mtu "vumilia" pasipofaa? Tufanye nini sasa kwa ajili yake?