SOMO LETU: SAA 48 ZINAHESABIWA NA NANI?



Katika darasa letu la Arua ndugu mmoja, mpakiaji wa magunia, alisimama akauliza: "Mnasema katiba inanilinda. Siku ya mgomo nilishikwa, nikalala ndani usiku 5 bila kuona hakimu. Katiba ilikuwa wapi?" Wengine walicheka. Sisi tuliokuwa tukifundisha hatukuwa na jibu la haraka, na ndiyo maana tumeandika somo hili.

Haki kuandikwa si jambo jipya Uganda. Ziliandikwa katika Katiba ya 1962, zikaandikwa tena katika ile ya 1967. Lakini mwaka huo huo wa 1967 ikapitishwa sheria ya usalama iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kesi. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukanyang'anya. Ilipokuja serikali ya jeshi mwaka 1971, askari walipewa uwezo wa kukamata raia. Mwezi wa Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikwa na jeshi aachiliwe, kwa kuwa hakushikwa kwa sheria. Tarehe 21 ya mwezi huo askari wakamchukua Jaji Mkuu mwenyewe kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala. Hakurudi.

Sisi wa West Nile tusilipite jambo hili haraka. Idi Amin alihesabiwa mtu wa Koboko, na watu walisema serikali ile ni ya kwetu. Ilipoanguka mwaka 1979, na baadaye askari wa jeshi jipya walipokuja kulipiza kisasi, tulitafuta sheria ya kutukinga tukakuta haipo. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo. Wengi walivuka mpaka kwenda Sudan na Zaire.

Waliotunga Katiba ya 1995 waliyajua hayo. Kifungu cha 23 kinasema aliyeshikwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kwisha. Kifungu cha 40 kinampa mfanyakazi haki ya chama na ya kugoma kwa kufuata sheria. Kifungu cha 44 kinataja haki ambazo hakuna awezaye kuzipunguza: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya jaji kwamba aliyemshika mtu amlete mbele yake. Na kifungu cha 50 kinaruhusu mtu au shirika lolote kushtaki kwa niaba ya aliyeonewa. Hapo ndipo chama kinapoingia.

Je, yatosha? Wako wanaosema katiba ikishasema, kazi iliyobaki ni ya majaji. Sisi tuliona Arua mwezi wa Agosti 2018, wakati wa uchaguzi mdogo. Watu 33 walishtakiwa uhaini huko Gulu, baadhi yao wakisema wameteswa. Kassiano Wadri alichaguliwa mbunge wa Arua akiwa kifungoni. Mbunge Robert Kyagulanyi, raia, alipelekwa mbele ya korti ya jeshi, ingawa shtaka hilo liliondolewa baadaye. Katiba ilikuwepo siku zote hizo.

Mwaka 2019 ikaja sheria ya kutekeleza haki za binadamu. Inasema afisa aliyevunja haki ya mtu atajibu yeye mwenyewe, na kesi ya mtu ambaye haki zake za kifungu cha 44 zimevunjwa itafutwa. Wanaoipinga wanasema wahalifu wataponea hapo. Hoja hiyo hatuidharau, maana anayeibiwa naye ni mfanyakazi. Lakini sisi tuko upande wa sheria hii. Afisa anayejua kwamba fidia italipwa na serikali peke yake, ataogopa nini?

Na ubishi haujaisha. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia wasihukumiwe na korti za jeshi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha huko kwa masharti fulani. Mahakama ilifunga mlango, Bunge likafungua dirisha.

Turudi kwa ndugu yetu mpakiaji. Saa zake 48 zilikwisha zamani, lakini kitabu cha kituo kilionyesha siku nyingine ya kushikwa, na sisi hatukuwa hata na kikaratasi cha kupinga. Kosa hilo lilikuwa letu pia.

Kwa hiyo kila tawi liwe na daftari. Mwenzenu akishikwa, andikeni jina lake, mahali, nani alimshika, na nani aliona. Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi Arua, na Mahakama Kuu iko hapo. Sheria ya 2019 inakataza kesi ya haki kutupwa kwa sababu tu hamkufuata utaratibu wa karatasi. Ndugu wa Koboko, nauli ya kuja Arua iwe mzigo wa tawi, isiwe ya mke wa aliyeshikwa.

Na saa ya kushikwa iandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku, maana saa 2 yetu na saa 2 ya kituoni si moja.