Nyonga Mpya, Ngazi Zilezile: Vidokezo kwa Anayekwenda India Kupasuliwa

Hapa Kirumba, Mwanza, tunajua kuchangishana. Daktari akitamka tu kwamba mama anahitaji nyonga bandia, grupu la WhatsApp linaundwa usiku huohuo, na kabla ya wiki kuisha mtu ameshataja India. Moyo huo ni mzuri. Ila upasuaji wenyewe huchukua saa mbili hivi na kulazwa ni siku chache. Miezi inayofuata mgonjwa ataiishi hapahapa, kwenye vilima vya mawe juu ya ziwa, na huko ndiko wengi hukwama. Kwa hiyo nusu ya fikra zako, na sehemu ya michango, ibaki nyumbani.

1. Anzia Hospitali ya Bugando. Nenda kliniki ya mifupa ukiwa na eksirei, uulize tatizo ni nini hasa: nyonga imesagika kwa umri, kichwa cha mfupa kimekufa kwa kukosa damu, au ni mfupa uliovunjika? Kisha uliza kama kazi hiyo inaweza kufanyika nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, inabadilisha nyonga, na Dar ni saa moja na nusu tu kwa ndege. Mimi ningeanzia huko, kwa sababu daktari aliyekupasua akiwa Dar unaweza kumrudia baada ya miezi mitatu bila viza. India iwe na sababu inayoeleweka, kwa mfano nyonga bandia ya zamani iliyolegea na sasa inatakiwa kubadilishwa tena, ambayo ni kazi ngumu zaidi.

Na hili lisisubiri mjadala wa familia: mzee aliyeanguka jana na kuvunjika nyonga hangoji michango wala pasipoti. Huyo anatakiwa apasuliwe mapema, ndani ya siku moja au mbili ikiwezekana. Kila siku anayolala kitandani inamletea nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda.

2. Mwenye selimundu aseme mapema. Kanda ya Ziwa tuna wagonjwa wengi wa selimundu, na baadhi yao nyonga huharibika wakiwa bado vijana kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Hospitali unayokwenda ijue kabla hujapanda ndege, maana maandalizi ya damu, maji na oksijeni ni tofauti. Shirika la ndege nalo liulizwe. Hewa ya ndani ya ndege ina oksijeni pungufu kuliko ya hapa chini.

3. Bei iwe kwenye karatasi. Uliza imejumuisha nini: kiungo chenyewe (kimetengenezwa na nani, cha aina gani), vipimo, damu, chumba, mazoezi tiba, na siku za ziada kidonda kikigoma. Anayekuunganisha na hospitali muulize bila haya analipwa na nani. Wakala anayepata kamisheni anaweza kuwa mtu mwema, lakini usimfanye daktari wako. Kama unategemea bima au Serikali, pata kibali cha maandishi kwanza. Rufaa ya nje ina utaratibu wake kupitia madaktari bingwa na Wizara ya Afya, na aliyejisafirisha mwenyewe asitegemee kurudishiwa.

4. Piga hesabu ya viza pamoja na ya kidonda. Viza ya matibabu ya India inayoombwa mtandaoni ni ya siku 60, na wasindikizaji hadi wawili huombewa ya kwao. Baada ya kubadilishiwa nyonga, madaktari wengine hutaka usubiri wiki 6 kabla ya safari ndefu ya ndege, wengine miezi 3, kwa hofu ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Ukipoteza wiki mbili za mwanzo kwenye vipimo ambavyo ungefanya Mwanza, muda unakubana. Fika na majibu ya damu, ya moyo na ya mkojo. Jino bovu ling'olewe au lizibwe huku nyumbani, na jipu litibiwe, kwa kuwa vijidudu vikifuata damu hadi kwenye chuma kipya kuviondoa ni vita. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi ya njano ikae ndani ya pasipoti.

5. Msindikizaji achaguliwe kwa mikono na masikio. Aliyechanga pesa nyingi si lazima ndiye aende. Anatakiwa mtu anayeweza kumwinua mgonjwa usiku, anayesikiliza na kuandika anachosema daktari, na asiyeona aibu kumwogesha. Nyumba za wageni jirani na hospitali kubwa za India mara nyingi zina jiko, kwa hiyo anayejua kusonga ugali na kupika mchuzi usio na pilipili ni baraka.

6. Choo kabla ya tiketi. Hapa naomba ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona familia zikijisahau. Kwa wiki 6 hadi 12 za mwanzo masharti ya kawaida ni haya: goti lisipande juu ya usawa wa nyonga, miguu isipishane, na usijipinde kiuno ukiwa umesimama. (Daktari aliyepitia mbele ya nyonga huenda akakulegezea.) Sasa fikiria choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa mara moja tu kunaweza kuchomoa kiungo kilichogharimu mamilioni.

Mwite seremala mgonjwa akiwa bado hapa. Asimame, avae viatu anavyovaa nyumbani, mpime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kisha muongeze sentimita 5. Huo ndio urefu wa kiti: cha choo, cha kulia chakula, na wa kitanda pia. Kiti cha choo kiwe cha mbao nzito chenye tundu, miguu minne iliyotanuka, na mikono pande zote mbili ya kujiinulia. Kifungwe kisiteleze kwenye saruji yenye maji. Kile kiti cheupe cha plastiki kiondoke kabisa. Miguu yake hufunguka taratibu mtu akiwa amekaa, na mgonjwa anazama bila kujua. Kigoda na mkeka vipumzike.

7. Ngazi za mawe zina sheria. Nyumba nyingi za mlimani unazifikia kwa kupanda vidato vilivyochongwa ovyo kwenye mwamba, kimoja kifupi, kingine kinafika gotini. Kama una ndugu tambarare, karibu na barabara ya Makongoro, omba chumba kwake kwa miezi miwili. Ikishindikana, fundi afunge bomba la kushikilia na asawazishe vidato vilivyo virefu mno. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, ni fimbo na mguu uliopasuliwa. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, na wengi hukosea hapo. Bodaboda sahau mpaka daktari aseme. Bajaji nayo kiti chake ni cha chini na matuta hayana huruma, hivyo chukua teksi, kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma kabisa.

8. Safari ya kurudi. Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, na siti ya pembeni mwa njia. Simama kila saa, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji. Dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo huweza kuendelea hadi siku 35 baada ya upasuaji, iwe mkobani, si kwenye begi la chini. Mashine ya ukaguzi ikilia, mwambie ofisa una chuma nyongani. Mkifika Dar laleni. Basi la Dar hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 ukiwa umekunja miguu, lisikutamanishe hata kama pesa imepungua.

9. Rudi na makaratasi yako. Muhtasari wa matibabu kwa Kiingereza, picha za eksirei za kabla na baada, na kadi au stika za kiungo zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba. Siku kiungo kikisumbua, hata baada ya miaka 15, daktari wa hapa atataka kujua atakuta nini ndani. Piga picha zote, mtumie mtoto aliye mbali azihifadhi.

10. Wageni waelezwe mlangoni. Mama wa Kisukuma atataka kupiga magoti kumwamkia baba mkwe. Waambie wazee mapema kwamba kwa sasa ataamkia akiwa amesimama. Kanisani akae wakati wengine wanapiga magoti, na msikitini aswali juu ya kiti. Shangazi atakayekuja na maji ya moto na mafuta ya kukandia, mpokeeni kwa heshima, mpeni chai, lakini mguu asiuguse. Kazi hiyo aachiwe mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye miadi yake ni vizuri iwe imepangwa kabla mgonjwa hajatua.

11. Dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo: shavu la mguu kuvimba na kuuma, pumzi kukata ghafla, homa pamoja na kidonda kutoa majimaji, au maumivu ya ghafla na mguu kuonekana mfupi au umegeukia upande. Namba ya dereva wa teksi anayekubali kutoka usiku ibandikwe ukutani.

12. Soko la samaki la Mwaloni litasubiri. Usiingie ziwani kabla kidonda hakijafunga kabisa. Hata kikifunga, kichocho bado kimo majini. Kama kazi yako ni dagaa, anza na kuuza ukiwa umekaa kwenye kiti kirefu, na mwingine abebe magunia. Kuanika rudi taratibu, kwenye vichanja vya urefu wa kiuno, daktari akiisharidhia.