SOMO LA KIINGEREZA: MANENO MAGUMU YALIYO KWENYE CHUPA YA DAWA

Umekwisha jua kusoma na kuandika Kiswahili. Hongera sana. Lakini ukienda dukani unakuta chupa na makopo mengi yameandikwa Kiingereza. Wengine husema, "Hicho ni cha wasomi, mimi kinanihusu nini?" Kinakuhusu. Chupa ile unaipeleka nyumbani, na nyumbani mna watoto.

Leo tutajifunza maneno saba. Hatutayakariri kama kasuku. Kila neno tutaliweka ndani ya sentensi, maana neno likiwa peke yake linaweza kumdanganya mtu.

DAWA YA NINI?

Tuanze na Kiswahili chetu. Sisi tunasema "dawa" kwa vitu vingi. Kuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya mende, dawa ya pamba. Moja unaimeza upone, nyingine ukiimeza unakufa. Kiingereza kina maneno mbalimbali. Dawa ya mgonjwa huitwa MEDICINE. Dawa ya shambani ina jina lake kabisa. Basi mtu akikuambia, "Dawa iko pale dirishani," usiichukue tu. Uliza, dawa ya nini? Kisha soma.

MANENO YENYEWE

1. PESTICIDE. Tamka "pestisaidi". Ni dawa ya kuua wadudu, magugu au panya.
Sentensi: This pesticide is for cotton.
Maana: Dawa hii ya kuua wadudu ni ya pamba.

2. POISON. Tamka "poizoni". Maana yake sumu. Mara nyingi karibu yake huchorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili.
Sentensi: Keep this poison away from children.
Maana: Weka sumu hii mbali na watoto.
Chupa nyingi za dawa za shambani zina pia mstari wa rangi chini ya maandishi. Mwekundu ni sumu kali sana. Unafuata wa njano, halafu wa bluu, na mwisho wa kijani. Lakini hata yenye mstari wa kijani si kitu cha kuchezea.

3. DILUTE. Tamka "dailuti". Maana yake zimua, yaani changanya na maji ili kupunguza ukali.
Sentensi: Dilute the pesticide with water.
Maana: Zimua dawa ya wadudu kwa maji.
Kipimo kimeandikwa pale pale. Usikisie kwa macho, wala usipimie kikombe cha chai.

4. SWALLOW. Tamka "swolo". Maana yake meza.
Sentensi: Swallow one tablet with water.
Maana: Meza kidonge kimoja kwa maji.
Sasa tazama hii: Do not swallow. Maana yake: Usimeze. Umeona? Maneno mawili madogo, DO NOT, yamegeuza jambo lote. Mtu aliyeliona SWALLOW tu angekwisha kunywa. Tena neno hilo hilo ni jina la ndege, mbayuwayu. Ndiyo maana tunasema soma sentensi nzima.

5. EXTERNAL. Tamka "eksteno". Maana yake ya nje.
Sentensi: This medicine is for external use only.
Maana: Dawa hii ni ya kutumia nje ya mwili tu.
Hiyo ni ya kupaka. Hainywewi, hata kama imo katika chupa nzuri.

6. EXPIRE. Tamka "ekspaya". Maana yake kwisha muda.
Sentensi: This medicine will expire in June.
Maana: Dawa hii itakwisha muda mwezi wa Juni.
Mara nyingi huandikwa kwa kifupi, EXP. Karibu yake huwapo MFG, ambayo ni tarehe ya kutengenezwa. Usizichanganye. EXP 06 2019 maana yake dawa hiyo haifai tena baada ya mwezi wa Juni, 2019.

7. INFLAMMABLE. Tamka "inflamebo". Hili ndilo neno lenye mtego. Hebu tufikirie kisa hiki.

BABU NA GUNDI YA BAISKELI

Babu anaziba pancha usiku, koroboi iko kando. Mjukuu wake wa darasa la sita ameshika gundi ya viraka.

"Babu, hapa pameandikwa INFLAMMABLE."

"Ndiyo nini hiyo, mjukuu wangu?"

"Mwalimu alitufundisha kwamba IN ni ya kukanusha. CORRECT ni sahihi, INCORRECT si sahihi. Na FLAME ni ulimi wa moto. Basi gundi hii haiwaki."

"Ahaa! Kusoma kuzuri." Babu akavuta koroboi karibu ili aone vizuri.

Bibi akapiga kelele kutoka jikoni, "Baba nanii, ondoa taa hiyo! Kitu kinanuka kama petroli, mnasemaje hakiwaki?"

Nani alikuwa na haki? Bibi! INFLAMMABLE maana yake kinashika moto upesi. IN ya hapa si ya kukanusha. Neno hili lilitoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kuwasha moto. Kwa sababu ya mtego huo, watengenezaji wengi siku hizi huandika FLAMMABLE. Maneno hayo mawili, maana ni moja. Kisichoshika moto huandikwa NON-FLAMMABLE.
Sentensi: Petrol is inflammable.
Maana: Petroli hushika moto upesi.

Mtoto yule hakuwa mjinga. Kanuni aliijua, ila alikisia. Ukikutana na neno usilolijua, usikisie. Uliza mwalimu, mganga wa zahanati au bwana shamba. Kuuliza si aibu.

ZOEZI

Jaza neno linalofaa:
(a) Do not ______ this poison.
(b) ______ the pesticide with water.
(c) Petrol is ______.
(d) This medicine is for ______ use only.

Majibu: (a) swallow (b) dilute (c) inflammable (d) external.

Kazi ya nyumbani: Chukua chupa moja ya dawa iliyofungwa vizuri. Tafuta humo maneno mawili kati ya haya saba. Yaandike katika daftari pamoja na sentensi zake, kisha wasomee watu wa nyumbani kwako. Ukimaliza, weka chupa mahali pa juu, watoto wasipoweza kufika, na unawe mikono.

Kwaheri mpaka somo lijalo.