Uwanja Mbele ya Nyumba Zetu

Mgeni afikapo nyumbani, kabla hajapewa kiti wala maji ya kunywa, amekwisha kuuona uwanja. Kwa sababu hiyo mama wengi huamka alfajiri kuufagia, usibaki hata jani moja. Desturi hii ina akili ndani yake: mahali peupe nyoka hana maficho, na mtoto hutambaa bila hofu. Hatuji kuibeza. Twauliza neno moja tu: je, yafaa uwanja mzima uwe mtupu?

Tuitazame Dodoma. Mvua yake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Ardhi isiyo na mmea hukanyagwa hata ikawa ngumu kama sakafu, na udongo laini wa juu huchukuliwa na ufagio na upepo. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, maji hayapenyi. Hukimbia, hula msingi wa nyumba, kisha huingia kwa jirani na kuzua ugomvi.

Korongo halizaliwi korongo. Huanza kama kijifereji kisichojaliwa. Watu wa Kondoa walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibiwa na mmomonyoko. Kuzuia maji uwanjani ni kazi ya jembe moja. Kuponya korongo ni kazi ya miaka mingi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuyakamate maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 8 kwa 10, katika mwaka wa milimita 550, hupokea lita 44,000. Hata tukipoteza sehemu ya tano, zabaki lita 35,200. Tuweke mifereji ya bati na tangi lenye mfuniko imara, mbu wasizaliane wala mtoto asitumbukie. Asiye na tangi na achimbe mashimo ya nusu mwezi, yatazamayo juu ya mteremko, mbali na ukuta, maji yatulie humo na kuzama.

Pili, tupande mti mahali pake. Mwarobaini huvumilia ukame na kutoa kivuli kizuri; uwe mita 5 au zaidi kutoka ukutani. Mkwaju huchelewa kukua, lakini hulisha wajukuu. Tuchimbe shimo la sentimita 60 kila upande, tuchanganye udongo na samadi iliyooza, na kuzungushia miiba, kwa maana mbuzi haheshimu bustani. Kama kiwanjani pana kisiki kinachochipua, tusiking'oe. Tuchague machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, tukate mengine. Shirika la LEAD Foundation limefundisha njia hii vijijini Dodoma kwa jina la Kisiki Hai, nayo haihitaji kununua mche.

Tatu, tusisahau mzabibu. Zao hili lilifika Dodoma kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, na huko huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka ukipogolewa vema. Ukitambazwa juu ya kichanja mbele ya mlango, hutoa kivuli na matunda pamoja.

Nne, tusifunike kila mahali kwa saruji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba mpya zimejengwa kwa wingi, na wengine hutandaza matofali ya saruji kutoka mlangoni hadi getini. Hapo joto huongezeka na maji humwendea jirani. Yatosha njia ya kupita na mahali pa kuketi. Sehemu hiyo na ifagiliwe kila siku kama mama zetu walivyotufundisha, na pembezoni pawe na mimea.

Lakini nani atamwagilia? Katika nyumba nyingi jibu ni binti, ambaye amekwisha kubeba ndoo za kupikia na kufulia. Hilo si haki. Bustani isiyo na zamu huwa mzigo wa mtu mmoja, kisha hukauka. Baba na wana wa kiume nao washike ndoo. Maji yaliyosuuzia mboga au nguo, yasiyo na sabuni nyingi, yamwagwe shinani badala ya kutupwa njiani.

Ninyi wazazi, msingoje fedha nyingi. Kabla mvua haijaanza, tembeeni uwanjani pamoja na watoto wenu, mwaonyeshe maji hupita wapi, kisha mchimbe shimo moja. Mwaka huu mti mmoja ukiishi, mwaka ujao mtajua pa kupanda wa pili.