Mazungumzo ya Mzazi na Kijana Balehe Kuhusu Afya ya Uzazi

Katika jamii nyingi za pwani na kusini mwa Tanzania, mzazi hakuwa na wajibu wa kumfundisha mwanawe habari za mwili na unyumba, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa na wenyewe: msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, na mvulana alipelekwa jandoni, akarudi akiwa ameambiwa mambo ambayo baba yake asingeyatamka mbele yake. Haya ya mzazi, basi, haikuwa kasoro, kwani palikuwa na mtu mwingine aliyepewa kazi ya kusema. Siku hizi mvulana hutahiriwa hospitali, na mara nyingi ni kisu tu kilichohamia huko, mafunzo yakaachwa nyuma. Somo wa msichana huenda anaishi mkoa mwingine. Na nafasi iliyobaki wazi huzibwa na video za simuni na maneno ya vijiweni.

Balehe, yaani kipindi ambacho mwili wa mtoto hubadilika ukawa na uwezo wa kuzaa, kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana. Mzazi anayesubiri mtoto afike sekondari ndipo aseme huwa amechelewa, kwani binti anayeona damu ya hedhi kwa mara ya kwanza pasipo kuambiwa huweza kudhani ameumia, na mvulana anayetokwa na shahawa usingizini, hali iitwayo ndoto nyevu, huweza kudhani anaumwa. Wavulana ndio wanaosahaulika zaidi. Binti huonywa juu ya wanaume tangu utotoni, ilhali ni nadra kwa kaka yake kufafanuliwa maana ya ridhaa, yaani kukubali kwa hiari bila kutishwa wala kuhongwa lifti ya bodaboda na sahani ya chipsi, au kuelezwa kwamba chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, anayemwingilia msichana asiye mkewe aliye chini ya miaka 18 hawezi kujitetea kwa kudai kwamba msichana alikubali.

Kumwita kijana sebuleni na kuzima televisheni ni njia ya hakika ya kumfanya ajione mshitakiwa. Mazungumzo haya huenda vizuri zaidi pale mikono ina kazi na macho hayakutani, kama vile wakati wa kufua au kuchambua mchele. Binti mwenye sinia la mchele mapajani anaweza kuuliza, bila kuinua uso, "Mama, eti mtu akifanya mara moja tu hapati mimba?" Neno la kwanza linalomjia mama ni "Umeshafanya na nani?", na akilitamka, binti hatauliza tena. Jibu linalofaa huanzia kwenye swali lenyewe: "Si kweli, mwanangu, hata mara ya kwanza mtu hupata. Wewe umesikia wapi?" Hapo mama anaweza kueleza kwamba yai huishi takribani siku moja, lakini mbegu za mwanamume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, na kwamba hedhi ya msichana hupishapisha tarehe katika miaka ya mwanzo, kiasi kwamba hesabu ya "siku salama" haimlindi.

Wapo wanaohofu kwamba kusema ni kufundisha uasherati. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti za nchi mbalimbali, unaonyesha kwamba elimu ya namna hii haiharakishi vijana kuanza ngono. Na ukimya nao haujazuia mengi, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Tanzania wamewahi kupata ujauzito.

Majina halisi ya viungo, uume na uke, yatumike nyumbani, maana mtoto anayejua "huko chini" peke yake atashindwa kumweleza daktari mahali alipoguswa. Mzazi ajue pia kwamba chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja tangu mwaka 2024. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Na namba ya simu 116 hupokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto.

Mzazi ambaye ulimi bado unamkatalia anaweza kumpa kazi hiyo shangazi au mjomba, mradi wakubaliane waziwazi ni mambo gani yatasemwa, kisha aulize baadaye yamesemwa yapi, kwa sababu mashangazi nao wana haya zao.